Somo la Sheria: Kubaka Vitani na Mahakama ya Arusha



Tulipopita katika vikundi vya kujisomea huko Tarime na Serengeti tuliulizwa swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Mama mmoja mtu mzima aliuliza hivi: "Askari akiua adui vitani anapewa nishani. Sasa akimbaka mwanamke vitani, nani wa kumshtaki?" Wanaume wengine waliinama wakatazama chini. Mzee mmoja aliyekwenda vita vya Kagera akajibu, "Mama, vita havina hakimu." Tuliahidi kuandika somo juu ya jambo hili. Somo lenyewe ndilo hili. Lina maneno mazito, kwa hiyo lisomwe na watu wazima, na lisomwe polepole.

Mzee yule alisema yale aliyoyaona wakati wake. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, yaliua watu, yalichukua ng'ombe, yalibomoa nyumba na kubaka wanawake. Wanaume wengi wa Mara walikwenda kupigana na wengine hawakurudi. Amin alitoroka mwaka 1979, akafa mwaka 2003 huko Saudi Arabia bila kupelekwa mbele ya mahakama yoyote. Hata baada ya Vita Kuu ya Pili, washindi walipowashtaki wakubwa wa Ujerumani mjini Nuremberg mwaka 1945 na 1946, kubaka hakukuandikwa katika mashtaka kama kosa linalosimama peke yake. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949 ilisema wazi kwamba wanawake walindwe wasibakwe vitani. Lakini maneno yalibaki kwenye karatasi. Kwa miaka mingi watu walisema ni ajali ya vita, kama vile nyumba kuungua.

Jambo hili lilibadilika hapa hapa Tanzania. Ukitoka Mugumu ukaingia mbugani, ukapita Seronera, ukapanda Ngorongoro na kushuka Karatu na Mto wa Mbu, jioni uko Arusha. Huko ndiko lilikobadilika.

Taba, mwaka 1994

Wasomaji wa makamo wanaukumbuka mwaka ule. Mto Kagera ulileta maiti mpaka ndani ya ziwa letu, na watu wengi wa kando ya ziwa wakaacha kula samaki. Huko Ngara wakimbizi kama 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, mwishoni mwa Aprili. Nchini Rwanda, kuanzia Aprili hadi Julai 1994, waliuawa watu wanaokadiriwa kuwa 800,000 au zaidi. Wengi wao walikuwa Watutsi. Waliuawa pia Wahutu waliokataa mauaji.

Mauaji ya namna hii, yanayokusudia kufuta kundi zima la watu kwa sababu ya asili yao, tunayaita mauaji ya kimbari. Wengi wetu tulilisikia neno hili mara ya kwanza katika redio, kwenye habari za mahakama ya Arusha.

Tarehe 8 Novemba 1994 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama maalumu ya kuwahukumu wakubwa waliopanga na kusimamia mauaji hayo. Mwaka 1995 likaamua mahakama iwe Arusha, katika Jumba la Mikutano ya Kimataifa. Kesi ambayo tutaisoma kwa kirefu leo ni ya Jean-Paul Akayesu.

Akayesu hakuwa jenerali, wala hakuwa waziri. Alikuwa mwalimu wa shule, kisha mkaguzi wa shule. Mwaka 1993 akawa mkuu wa wilaya ndogo iitwayo Taba, katika mkoa wa Gitarama. Tukifananisha na kwetu, chukua madaraka ya Katibu Tarafa, uongeze na polisi wa eneo lile walio chini yake. Mtu wa namna hiyo akisema "msiue", watu wanasikia. Akinyamaza, wanasikia pia.

Na kweli, siku za kwanza alisema msiue. Mahakama yenyewe ilikubali hivyo. Mpaka tarehe 18 Aprili 1994 Akayesu alijaribu kuzuia mauaji katika Taba. Siku hiyo ulifanyika mkutano wa viongozi wa wilaya na serikali ya muda. Aliporudi, alikuwa mtu mwingine. Kesho yake alisimama mbele ya watu huko Gishyeshye akawahimiza wamalize adui, na kila mtu alijua adui maana yake nini. Watu wasiopungua 2,000 waliuawa katika Taba wakati yeye ndiye mkuu.

Wanawake na watoto wengi walikimbilia ofisi yake. Jambo hili ni rahisi kulielewa. Hatari ikija, wewe utakimbilia wapi? Utakwenda penye bendera, penye polisi. Wakalala nje, katika uwanja wa ofisi. Na hapo hapo, na katika jengo la utamaduni lililokuwa ndani ya uwanja huo, na katika mashamba ya mtama ya jirani, vijana wa Interahamwe walikuwa wakiwachukua na kuwabaka, siku baada ya siku.

Hati ya mashtaka isiyo na neno hilo

Akayesu alikamatwa Zambia mwezi Oktoba 1995 na kuletwa Arusha mwezi Mei 1996. Kesi ilianza Januari 1997. Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Hati yake ya mashtaka ilikuwa na mauaji, uchochezi na mateso. Kubaka hakukuwemo hata kidogo. Wapelelezi walikwenda Taba, wakahoji watu, wakaandika, na neno hilo halikuingia.

Kwa nini halikuingia? Wanawake waliona haya. Nani ataanza kumweleza mgeni mwenye kalamu jambo ambalo hata dada yake hajamwambia? Na wapelelezi nao hawakuuliza kwa namna ambayo mtu angeweza kujibu. Majaji baadaye waliyataja yote mawili, aibu ya jambo lenyewe, na kwamba huenda upelelezi ulikosa uangalifu. Sisi tunaongeza kwamba mpelelezi anayemwuliza mama "waliua wangapi?" atajibiwa wangapi, na atafunga daftari lake.

Mwezi Januari 1997 alikuja shahidi mmoja. Jina lake halikutajwa, naye aliitwa Shahidi J. Aliitwa kueleza habari za mauaji. Katikati ya maelezo yake akasema kwamba binti yake wa miaka 6 alibakwa na Interahamwe watatu, siku walipokuja kumwua baba yake. Hakuwa ameulizwa hilo. Alilisema tu.

Mwendesha mashtaka angeweza kulipita. Kesi ilikuwa inahusu mambo mengine. Lakini waliokaa mbele walikuwa majaji watatu, Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Sweden, na mwanamke mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Majaji wakaanza kuuliza wenyewe. Shahidi J akasema alisikia kwamba wasichana wengine walibakwa katika uwanja wa ofisi. Mwezi Machi akaja Shahidi H. Yeye alisema alibakwa mwenyewe katika shamba la mtama, na aliona kwa macho yake wanawake wengine wakibakwa karibu na ofisi ya Akayesu.

Mashirika ya wanawake yakaiandikia mahakama yakiomba hati ya mashtaka irekebishwe. Upande wa mashtaka ukaomba ruhusa, kesi ikasimama, wapelelezi wakarudi Rwanda. Tarehe 17 Juni 1997 hati mpya ilitolewa ikiwa na mashtaka ya kubaka. Kesi ilipoendelea mwezi Oktoba, wanawake wengine walisimama wakaeleza.

Hebu tutulie kidogo hapa. Wanawake hawa walikuwa wakulima kama sisi. Hawakuwa mawakili. Walipandishwa ndege wakaletwa mji wasioujua, wakaketi nyuma ya pazia ili watu wa nje wasiwaone, na aliyeshtakiwa alikuwa katika chumba kile kile akiwasikiliza. Wakili wake aliwauliza maswali ya kuwatega. Hata hivyo waliendelea. Bila wao hati ile ingebaki vile vile ilivyoandikwa mwanzoni.

Neno "kubaka" katika lugha

Kulikuwa na shida nyingine, nayo itawafurahisha watu wanaopenda lugha. Mashahidi walisema Kinyarwanda, wakatafsiriwa. Waliyataja mambo yale kwa maneno manne tofauti. Mojawapo ni gusambanya, maana yake ya kawaida ni kuzini. Jingine ni kurungora, yaani mwanamume kumwingilia mwanamke. Jingine kuryamana, ambalo hata Mswahili akilisikia atahisi lina "kulala" ndani yake. La nne ni gufata ku ngufu. Hili halihitaji mkalimani, ni kushika kwa nguvu.

Sasa mtu anayesema "alinizini" anasema nini hasa? Anasema walikubaliana? Au anatumia neno la heshima kwa sababu neno lenyewe halisemeki mbele za watu? Majaji waliyachunguza maneno haya moja moja, wakatazama habari nzima iliyozunguka kila neno, wakaona kwamba mashahidi walikuwa wanasema kubakwa. Kwetu nako ni vivyo hivyo. Mama hasemi "nilibakwa". Atasema "alinichafua", "alinifanyia ubaya", "alinishika". Zamani magazeti yaliandika "kunajisi", kana kwamba uchafu umebaki kwa mwanamke. Mwandishi wa kituo cha polisi asiyejua kusikiliza ataandika neno jingine kabisa, na kesi itaanza ikiwa imepinda.

Hukumu

Hukumu ilisomwa tarehe 2 Septemba 1998. Ilikuwa mara ya kwanza duniani mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari baada ya kusikiliza kesi. Na ilikuwa mara ya kwanza mahakama kusema kwamba kubaka kunaweza kuwa njia mojawapo ya kutenda kosa hilo.

Majaji walisema nini? Walisema wanawake wale hawakuchaguliwa ovyo. Walichaguliwa kwa sababu ni Watutsi. Walibakwa mbele ya watu, wengi mara nyingi, wengine wakauawa baadaye. Lengo lilikuwa kuwavunja miili na roho, wao na jamaa zao na kundi lao lote. Kuumiza mwili au akili ya watu wa kundi kwa nia ya kuliangamiza ni mauaji ya kimbari kwa sheria, hata kama aliyeumizwa bado anapumua.

Walisema pia kubaka ni nini. Ni kuuvamia mwili wa mtu kwa tendo la kujamiiana, katika hali ya kulazimishwa. Na kulazimishwa si lazima kuwe kupigwa au kushikiwa panga shingoni. Mwanamke aliyezungukwa na vijana wenye silaha, aliyeona jirani zake wakiuawa, akisema "haya", hajakubali. Mwanamke mmoja alilazimishwa kuvua nguo na kufanya mazoezi ya viungo mbele ya umati. Hakuguswa, lakini mahakama ilisema hata huo ni ukatili wa kijinsia.

Tena mahakama ilisema haihitaji shahidi wa pili. Neno la mwanamke mmoja likiaminika, latosha.

Na Akayesu je? Hakuna aliyesema kwamba yeye mwenyewe alibaka. Hapa viongozi wa vijiji na kata wasome mara mbili. Alitiwa hatiani kwa sababu yalitendeka katika uwanja wa ofisi yake, akajua, mara nyingine akawa amesimama pale pale. Hakuzuia, na maneno aliyoyasema yaliwatia watendaji moyo. Kiongozi akisimama mlangoni akatazama, vijana wanaona wamepewa ruhusa. Tarehe 2 Oktoba 1998 alihukumiwa kifungo cha maisha. Rufani yake ilikataliwa mwaka 2001, akapelekwa Mali kutumikia kifungo chake.

Baada ya hapo

Tusiseme kila kitu kilikwenda vizuri, maana hakikwenda. Alfred Musema, mkurugenzi wa kiwanda cha chai, alitiwa hatiani kwa kubaka mwaka 2000. Mwaka 2001 majaji wa rufani walilifuta kosa hilo moja kwa sababu ya ushahidi mpya, ingawa kifungo chake cha maisha kilibaki. Mahakama ya haki hufanya hivyo pia. Lakini zilikuwepo kesi nyingine ambazo mashtaka ya kubaka yaliachwa au yalishindwa kwa sababu upelelezi ulikuwa dhaifu. Mwaka 2001 katika kesi ya Butare majaji walionekana wakicheka wakati mwanamke aliyebakwa akiulizwa maswali na wakili. Ilielezwa kwamba walimcheka wakili. Inawezekana. Lakini aliyeketi kwenye kiti cha shahidi hawezi kujua anayechekwa ni nani, na vyama vya walionusurika viliacha kwa muda kushirikiana na mahakama. Kulikuwa na jingine lililouma zaidi. Kwa miaka ya mwanzo washtakiwa waliokuwa mahabusu Arusha walipata dawa za UKIMWI, huku wanawake waliobakwa na kuambukizwa wakibaki kwao bila dawa hizo. Na sheria iliyounda mahakama ile haikuipa uwezo wa kuwalipa fidia walioumizwa.

Kesi hiyo ya Butare ilichukua miaka kumi. Mmoja wa waliohukumiwa, mwaka 2011, alikuwa Pauline Nyiramasuhuko, mwanamke, tena aliyekuwa Waziri wa Familia na Maendeleo ya Wanawake. Alitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na pia kwa kubaka kulikofanywa na vijana walio chini yake. Rufani ilimpunguzia kifungo kutoka maisha hadi miaka 47. Tulipolisoma hili katika kikundi kimoja, kina mama walinyamaza muda mrefu kuliko wanaume.

Mahakama ile ya Arusha ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015. Kazi zilizobaki zilichukuliwa na chombo kingine cha Umoja wa Mataifa, ambacho jengo lake la Arusha liko Lakilaki. Kesi mpya za vita sasa huenda Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague, Uholanzi. Tanzania ilijiunga nayo mwaka 2002. Huko Bosco Ntaganda wa mashariki ya Kongo alitiwa hatiani mwaka 2019, akapewa miaka 30. Makosa yake yalikuwa pamoja na kubakwa kwa wasichana waliokuwa ndani ya jeshi lake mwenyewe. Dominic Ongwen wa Uganda, aliyetekwa na waasi akiwa mtoto naye akakua akawa kamanda wa kuteka wengine, alitiwa hatiani mwaka 2021, akapewa miaka 25. Kuwalazimisha wasichana kuwa "wake" wa askari kuliitwa kosa la jinai, ndoa ya lazima. Mwaka 2024 mahakama iliagiza waathirika katika kesi yake wapewe fidia, pamoja na Euro 750 kwa kila mmoja kama ishara. Lakini Jean-Pierre Bemba wa Kongo, aliyetiwa hatiani mwaka 2016 kwa makosa ya askari wake huko Afrika ya Kati, aliachiwa na rufani mwaka 2018. Kwa hiyo hakimu yupo, ila njia ya kumfikia ni ndefu.

Na huku kwetu?

Yule mama wa kwanza alikuwa na swali la pili. Alingoja wanaume watoke ndipo akauliza. "Na pasipo vita? Ng'ombe wakishapokelewa, kesi imekufa?"

Mama, haijafa. Mwaka ule ule wa 1998 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana. Adhabu ya kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30. Ikiwa mtoto ni wa chini ya miaka 10, ni kifungo cha maisha. Sheria yetu ya ushahidi nayo inamruhusu hakimu kutia hatiani kwa neno la aliyebakwa peke yake, akiridhika kwamba anasema kweli. Ni kama walivyosema majaji wa Arusha. Anayeshtaki ni Jamhuri. Wazee wanaweza kukaa, ritongo inaweza kuitwa, ng'ombe wanaweza kufungwa kwenye zizi la baba, na bado kosa la jinai liko pale pale. Kinachoiua kesi ni shahidi kufichwa kwa shangazi yake siku ya mahakama. Hilo tunalijua wote, na wengine wetu tumewahi kula nyama ya mapatano hayo.

Mtu akibakwa asioge, asifue nguo alizovaa. Apelekwe hospitali mapema, kwa maana dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inafaa ikianza kabla ya saa 72 kupita, na kila saa ina maana. Polisi atapewa fomu ya matibabu iitwayo PF3. Aulizie dawati la jinsia na watoto. Kama hawezi kusema neno lenyewe, aseme neno alilo nalo, na anayeandika aulize mpaka aelewe.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi. Kina mama wakae upande wao kwanza, kisha wote pamoja.

Kwa nini wapelelezi wa kwanza hawakuandika habari za kubaka katika hati ya Akayesu? Katika Kikurya, Kingoreme, Kiikoma au Kinata, mwanamke aliyebakwa hutumia neno gani akimweleza mama yake, na neno gani akimweleza polisi? Akayesu hakubaka kwa mwili wake. Mnaonaje, hukumu yake ilikuwa ya haki? Msichana akibakwa kijijini kwenu leo usiku, nani atampeleka hospitali, kwa chombo gani, na nani atalipa nauli?

Majibu yaandikwe na katibu wa kikundi, yatumwe kwetu kwa anwani ile ile. Majina ya watu yasiandikwe.